Kulisha Siku ya Jumapili

Saa kumi na mbili asubuhi, Kuopio.
Ziwa limeganda unene wa mkono
nami nakwenda kulisha.
Mume wangu, nusu usingizini: "Akina nani tena?"
"Walewale."

Hawana midomo, hawana Jumapili.
Wakishiba, maji yao ni ya waridi;
wakishinda njaa, hugeuka manjano,
na manjano hiyo ndiyo kilio chao chote.

Kiangulio kinanguruma chini kwa chini,
nyuzi thelathini na saba, joto la kwapa.
Nje ni ishirini na sita chini ya sifuri.
Katikati pana mlango wa kioo
na pumzi yangu, ninayoibana,
maana chembe moja ya ukungu kutoka kwenye koti
yatosha kuzika kazi ya miezi mitano.
Oktoba tulizika. Sina la kuongeza.

Taisto Hyvärinen alikuwa mwokaji.
Miaka thelathini na minne alifungia samaki wadogo
ndani ya mkate mweusi.
Siku moja kisu kilimponyoka. Kisha kijiko.
Kisha vifungo vya shati vikawa vidogo mno.
Alipolaza mkono mezani kwangu
nilikata ngozi, kiasi cha punje ya dengu,
kando ya kovu la tanuri.
"Chukua," alisema, "hata hivyo hauoki tena."

Tukaisahaulisha ngozi ile.
Ikasahau jua, ikasahau sabuni,
ikasahau moto uliyoichoma,
ikarudi kuwa kitu kisicho na kazi,
kitoto kisichojua kitakuwa nani.
Hapo, ukiinong'oneza vizuri, huwa moyo, huwa ini.
Mimi niliinong'oneza: kuwa neva,
ile inayokiambia kidole, finya.

Ikawa. Niliona kwa darubini
nyuzi zikinyooka, zikipapasana
kama watu waliozimikiwa umeme.

Siku ya arobaini na tatu zikaanza kukatika.
Mafundo kwanza, kisha vipande vipande.
Zilikuwa zimesahau yote
isipokuwa hilo.

Nami, Mungu anisamehe, niliruka.
Nilipiga makofi ndani ya glavu.
"Zimeugua!" nilimwita Juho. "Njoo uone, zimeugua!"
Maana mficha maradhi kilio humuumbua,
na haya sasa tulikuwa nayo sahanini, uchi.
Wiki ileile Taisto alianza kulishwa uji na bintiye.

Makofi yale bado nayasikia.

Alikufa Machi, barafu ya ziwa ikianza kulia usiku.
Seija, bintiye, alikuja akavaa viatu vya plastiki vya buluu.
Nikamsogezea darubini.
Alitazama muda mrefu.
Hakumwona baba; aliona doa la kijivu,
kama mvuke uliosahaulika dirishani.
Kisha: "Humo ndani, anaumia?"
Jibu nilikuwa nalo, la kitabuni, safi.
Nilifungua mdomo, nikaufunga.
"Anakula kila siku," nikasema.
"Hata Jumapili?"
"Hata Jumapili."

Dawa nimejaribu mia mbili na kumi na moja.
Karibu zote hazikufua dafu.
Moja iliua kila kitu.
Moja, namba themanini na nane,
ilichelewesha mafundo siku tisa.
Siku tisa za sahani;
sijui ni ngapi za mkono, za kijiko, za kifungo.
Sijamwambia mtu. Narudia mara ya tatu.

Leo maji yamekuwa rangi ya chungwa.
Nimechelewa, theluji ilifunga barabara.
"Samahani," nasema kwa sauti, chumbani pasipo mtu,
nafyonza ya jana, namimina ya leo
taratibu, ukingoni, zisishtuke.
Kwenye kifuniko, kwa wino usiofutika:
T.H., kizazi cha ishirini na sita.

Juu ya friji kuna mkate aliouacha Seija Ijumaa.
Umekauka. Nauvunja kwa magoti,
nakula nimesimama.